Moshi wa Mjomba

Kazi yangu ukiieleza kijiweni, watu hucheka. Unalipwa kukaa juu ya jiwe na kuangalia. Uangalie nini? Moshi. Ukiuona? Unapiga simu. Halafu? Halafu basi. Jamaa zangu wa Sabasaba pale Dodoma, niliokuwa nao kwenye bodaboda, mpaka leo wananiita mlinzi wa mawingu, na kusema kweli mwezi wa kwanza hata mimi niliona hawajakosea sana.

Nilirudi nyumbani Mpwapwa Julai 2020 na begi moja na deni. Pikipiki ilikuwa ya mkataba. Ilibaki miezi minne iwe yangu, nikaanguka, nikakaa wiki tano sipeleki hesabu, mwenyewe akaja kuichukua. Mama alinitandikia godoro wala hakuuliza kitu. Aliyeuliza ni mjomba, kaka yake mama, ambaye wakati huo alikuwa mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji. Walikuwa wanatafuta mtu wa kushika zamu mlimani kuanzia Agosti hadi mvua zishike, kwa posho ambayo Dodoma ilikuwa inaishia kwenye petroli ya wiki mbili. "Mpwa wangu," aliniambia, "kazi yenyewe ya kukaa. Mguu wako unataka nini tena?"

Shika hapo kwamba kazi nilipewa na mjomba.

Watu wengi wakisikia Dodoma wanaona mibuyu, vumbi na mashamba ya zabibu. Hawajui kwamba mkoa huu huu una milima ambayo Julai asubuhi unalala na masweta mawili. Safu ya Kiboriani imeupa mgongo mji wa Mpwapwa, na kusini zaidi, ng'ambo ya bonde la Kinyasungwe, ipo milima ya Rubeho ambayo wataalamu wanaihesabu kwenye Tao la Mashariki pamoja na Uluguru na Usambara. Kwetu ukianza kupanda, chini ni vichaka vya miiba. Ukipanda zaidi unaingia kwenye miombo. Juu kabisa, kwenye makorongo yenye chemchemi, kuna msitu mbichi mwaka mzima, giza mchana, mawe yameota kuvu. Maji ya kijiji chetu yanatoka humo.

Kituo changu kilikuwa jiwe. Jiwe kubwa, juu limelala bapa kama sakafu ya nyumba ya vyumba viwili, pembeni tumejenga kibanda cha miti na turubai. Kabla yangu alikuwapo Babu, na Babu alikuwa bado yupo. Mimi nililetwa kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kuweka ukungu, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia ashuke. Alikuwa mrina asali tangu ujana, ana mizinga yake ya magogo imetundikwa kwenye miombo upande wa korongo, na alikuwa akikaa pale juu miaka mingi kabla ya mtu yeyote kufikiria kumlipa.

Siku ya kwanza nilifika nahema kama mbuzi aliyefukuzwa.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Basi kaa. Usiangalie."

Nikadhani sijasikia vizuri. Akarudia. "Ukianza kuangalia sasa, saa sita itakukuta umechoka. Leo jua tu nani anapika."

Hiyo ndiyo ilikuwa shule. Kuzunguka ukingo wa jiwe Babu alikuwa amepanga mawe madogo ishirini na tatu, kila moja limeelekezwa mahali: kitongoji, shamba, lambo, tanuri la matofali, shule. Ukikaa katikati ya jiwe, mgongo umeegemea gogo, kila jiwe dogo linakuonyesha upande wake kama kidole. Wiki mbili nzima sikufundishwa kitu kingine. Jiwe la tatu, moshi mweupe saa tatu asubuhi, uji wa shule. Jiwe la saba, moshi unaoanza alfajiri na kukaa mpaka mchana, ni yule mama anayepika pombe ya mtama, siku mbili kwa wiki. Jiwe la kumi na moja, moshi mwembamba wa bluu unaotambaa chini bila kupanda, huyo anachoma mkaa na anadhani hatumwoni. Kule kusini kwenye reli, donge jeusi linaruka na kukatika, treni ya mizigo imeanza kuvuta kutoka Gulwe. Babu alikuwa akipatia saa kwa treni, na ikichelewa alikasirika kama amechelewa yeye.

Tuna msemo kwamba panapofuka moshi hapakosi moto. Aliyeutunga hakuwahi kukaa Dodoma mwezi wa tisa. Ng'ombe mia mbili wakienda kunywa maji wanafuka. Kina mama wakipepeta mtama kwenye upepo wanafuka. Gari la abiria kwenye barabara ya vumbi linafuka kilomita kumi. Kisulisuli kinasimama katikati ya mbuga wima kabisa, rangi ya udongo, ukikiona mara ya kwanza unaweza kuapa kuna nyumba inaungua. Nilipiga simu tatu za aibu mwezi ule. Moja ilikuwa ukungu unaopanda kutoka bondeni. Watu walitoka na mapanga na matawi, wakafika, wakakuta umande.

Babu hakunicheka. Alisema angalia mguu. Moshi una mguu, umesimama mahali pamoja na juu ndiko kunakoyumba. Vumbi linatembea. Ukungu hauna mguu kabisa, umekaa. Ukishajua hivyo ndipo unaangalia rangi. Mweupe mzito, kinachoungua bado kina maji. Wa kijivu unaoelekea kahawia, ni majani makavu na unakwenda mbio. Mweusi, ama mtu anachoma tairi, ama moto umeingia kwenye kichaka kizito.

Na kama huoni moshi bado, angalia mwewe. Hili sikuliamini mpaka nilipoliona. Moto ukianza kwenye majani, panzi na mijusi wanatoka mbio, na mwewe wanajua. Unaona mmoja anazunguka, wawili, halafu kumi wote juu ya mahali pamoja, na chini bado huoni kitu isipokuwa hewa inacheza cheza. Mara mbili nimepiga simu kwa sababu ya mwewe tu, na mara zote mbili niliwahi.

Mimi nami nilileta kitu changu. Afisa misitu alitupa dira na ramani ya kurudufu. Nikachukua kipande cha mbao, nikachora duara, nikaligawa nyuzi mia tatu na sitini, katikati nikapiga msumari na kufunga uzi wa kushonea. Ukiona moshi unavuta uzi kuuelekea, unasoma namba. Peke yake namba haitoshi, maana inakwambia upande tu, haikwambii ni umbali gani, na kwa macho umbali unadanganya sana, hasa mchana hewa inapotetemeka. Lakini kilima cha pili, upande wa Kongwa, kulikuwa na dada mmoja mwenye mbao kama yangu. Mimi nasoma yangu, yeye anasoma yake, yule wa chini, anayepokea simu zetu za zamu, anavuta nyuzi mbili kwenye ramani. Zinapokatana ndipo watu wanapopelekwa. Kabla ya hapo maelezo yalikuwa "kule kwa fulani, nyuma ya mkwaju", na mikwaju iko mingi.

Babu aliitazama ile mbao muda mrefu, akasema ni nzuri, ila haijui nani anapika.

Upande wa Kongwa huko ndiko Waingereza walikokuja 1947 na matrekta kulima karanga. Walifyeka, ardhi ikawa ngumu kama saruji, mvua zikawaangusha, 1951 mradi ukafa. Babu wakati ule alikuwa mtoto wa mgongoni, baba yake alikuwa miongoni mwa waliong'oa visiki. Alikuwa akiangalia tambarare ile anasema, "Walileta kila kitu. Hawakuleta mtu wa kukaa juu ya jiwe mwaka mmoja akaangalia."

Siku yetu ilikuwa na umbo lake. Asubuhi baridi moshi wote umelala mabondeni, huwezi kusema huu ni wa nani. Kuanzia saa nne hewa inapanda, upepo wa mashariki unaamka, na kuanzia saa sita hadi saa kumi ndipo hutakiwi hata kwenda haja bila kumwambia mwenzako. Moto unapenda kupanda mlima, tofauti na sisi. Joto lake linakausha kilicho juu yake kabla haujafika, kwa hiyo ukifika unakuta chakula kimeshaandaliwa. Jioni upepo unalegea na moto unalegea nao. Kama kuna kupigana nao, ni usiku.

Kuhusu macho: usiyazungushe ovyo. Unachukua kipande kimoja, jiwe la kwanza mpaka la tano, unakipitia taratibu kutoka karibu kwenda mbali, unahamia kingine, ukimaliza mzunguko unaangalia kitu cha karibu, mkono wako, sisimizi. Babu yeye alikuwa akisuka kamba za magome ya mbuyu. Nilidhani anapoteza muda, kumbe kamba ndiyo ilikuwa inampumzisha. Mimi nilijaribu kusuka, nikatoa kitu ambacho hata mbuzi angekikata kwa aibu.

Upweke watu wananiuliza sana. Upo. Simu ya kitochi, mtandao unapatikana ukisimama pembe moja ya jiwe, redio ndogo, ugali wa uwele na mlenda. Unazoea. Sina la zaidi.

Msimu huo wa kwanza, Oktoba 2020, redio ikatangaza Kilimanjaro unaungua. Ulianza tarehe 11 na ulikaa siku nyingi, mamia ya watu walipanda kuuzima. Sisi tuliokuwa juu ya jiwe letu tulisikiliza kama taarifa ya msiba wa ndugu. Nilikuwa najiuliza ni ekari ngapi zimeteketea. Babu aliuliza kitu kimoja tu, akakirudia kila taarifa ilipoisha, kana kwamba mtangazaji anamsikia: umeanzia wapi?

Sasa nije kwenye yangu.

Mwisho wa Septemba 2021, msimu wangu wa pili. Babu alikuwa ameshuka hospitali kwa ajili ya macho. Nilikuwa peke yangu na nilikuwa najiona fundi. Saa sita na dakika tano, jiwe la kumi na nne, moshi ulisimama. Mweupe kwanza, kisha ukabadilika kijivu. Mguu mmoja, mwembamba, pembeni ya mlima kabisa.

Jiwe la kumi na nne ni shamba la mjomba.

Kwetu anayetaka kuchoma shamba anatoa taarifa. Sheria ya Misitu ya 2002 inabana moto ovyo, na sheria ndogo za kijiji zinasema wazi: utoe taarifa, usafishe kingo, uite majirani, uchome asubuhi mapema au jioni. Saa sita ya Septemba hakuna anayechoma isipokuwa aliyechanganyikiwa au anayejiamini kupita kiasi. Faini elfu hamsini. Na aliyekuwa akisimama kwenye mikutano kuzisoma hizo sheria kwa sauti alikuwa mjomba.

Nilichofanya ni kumpigia yeye. Simu ikaita, haikupokelewa. Nikapiga tena, haipatikani. Nikampigia mtoto wake mkubwa, akaniambia baba yuko shamba, simu ameiacha dukani inachajiwa. Nikajisemea, yuko palepale, ana watu, anaudhibiti. Nikisema kwenye simu ya zamu, anaandikwa. Akiandikwa, mtu aliyeniokoa na godoro la mama nimemvua nguo mbele ya kijiji kizima. Mpwa gani huyo?

Saa sita na robo yule dada wa kilima cha pili akanipigia. Kwake kuna mgongo wa mlima unaomziba, haoni mguu, anaona weupe tu unaochungulia. "Kaka, kuna kitu upande wako?"

"Huo wa kwa mjomba," nikamwambia. "Naujua."

Naujua. Nimelifikiria hilo neno kuliko neno lolote nililowahi kusema. Wiki mbili za mawe madogo, mwaka mzima wa kujua nani anapika, na kile kile nilichofundishwa ndicho nilichotumia kujifumba macho. Ungekuwa moshi wa mtu nisiyemjua, dakika mbili tu simu ingekuwa imeshapigwa.

Nikaendelea kuutazama kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa. Mwewe wakaja. Niliwahesabu sita. Kisha mguu ukawa miguu miwili, na wa pili ulikuwa juu ya wa kwanza, ng'ambo ya njia ya moto, ule ukanda unaofyekwa ili moto usivuke, ambayo upande ule haikuwa imefyekwa. Moshi ukalala kuelekea mlimani. Wakati huo nikapiga.

Yule wa chini akauliza, "Umeuona saa ngapi?"

"Sasa hivi."

Nikaandika kwenye daftari: saa 6:45. Wino wa bluu. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha nikikumbuka.

Moto uliwaka siku hiyo na usiku wake na siku ya pili yake. Miombo siyo dhaifu. Ina ganda nene, moto mwepesi wa Juni ukipita chini yake inachipua kama haikuguswa, ndiyo maana watu wa misitu huchoma mapema kwa makusudi, majani yakiwa bado na ubichi. Septemba ni habari nyingine. Majani yamekuwa karatasi, matawi yaliyoanguka yamekuwa kuni, moto unapanda mpaka kwenye vichwa. Na ule msitu mbichi wa kwenye korongo hauna ganda la kujikinga. Haujawahi kuhitaji.

Kanuni ya zamu ni kwamba hushuki. Watu wanahitaji mtu wa kuwaambia moto unaelekea wapi, maana aliye ndani ya moshi haoni. Kwa hiyo nilikaa. Niliwaona wanaume na vijana wa mgambo wakipanda na matawi mabichi, kina mama na madumu kichwani, na nilimwona mama yangu, namjua kwa kanga ya njano, akipanda na kushuka, akipanda na kushuka. Nilikuwa nasema kwenye simu, "Ondokeni kushoto, unageuka, ondokeni," sauti imekauka. Usiku ukingo wa moto ulionekana kama ushanga uliokatika, na juu yake giza. Saa nane usiku upepo ulipolala kabisa, wazee wakawasha moto mwingine kufuata kijia cha kwenda kwenye chemchemi, wakauacha upande kukutana na ule mkubwa. Mioto miwili ilipokutana ilisimama juu mara moja, kama watu wawili wanaosalimiana, ikaisha. Sehemu kubwa ilishikwa hapo. Upande wa juu ulisumbua mpaka kesho yake jioni.

Hakuna aliyekufa. Chemchemi ilibaki. Kipande cha msitu mbichi kiliungua pembeni, na mizinga ya Babu kumi na mmoja.

Mkutano ulifanyika nje ya ofisi ya kijiji siku ya nne. Mjomba alisimama na kusema moto umetoka kwa watu wa kupita, wenye mifugo. Watu wakatikisa kichwa kukubali, kwa sababu hilo linakubalika kila mwaka. Mtu wa kupita hana wa kumtetea. Kulikuwa na wafugaji wawili wamekaa nyuma kabisa, fimbo magotini, hawakusema kitu. Mwenyekiti akaomba daftari za zamu. Yangu ikasomwa: saa 6:45, jiwe la kumi na nne. Kisha ya yule dada. Aliandika kila kitu kama alivyofundishwa, bila kinyongo, bila kuongeza: saa 6:15, nimeuliza kituo cha kwanza, kimejibu ni wa kwa mjomba, anaujua.

Palinyamaza. Ningeweza kusema nilidhani. Nikasimama nikasema niliuona saa sita na dakika tano, kwamba nilimpigia mjomba kabla ya zamu, na kwamba saa niliyoandika ni ya uongo. Sikuwatazama wale wafugaji, nilishindwa. Mjomba hakunitazama mimi.

Alilipa. Akajitoa kwenye kamati. Mimi nilikatwa posho ya mwezi na nikaachiwa kazi, nadhani kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyeitaka. Mama alinipakulia chakula wiki tatu bila kuniita mezani. Nakuta sahani imefunikwa. Kuna shangazi mpaka leo anasema damu yangu ni ya Dodoma mjini, siyo ya nyumbani. Sijui kama ningefanya nini cha kuwaridhisha wote. Nimeacha kutafuta.

Babu alirudi na dawa ya kudondoshea macho, akanichukua mpaka kwenye mizinga. Hakusema njiani. Magogo yalikuwa yameungua nusu, mengine yamebaki duara la majivu chini ya tawi. Chini ya mmoja, nta ilikuwa imeyeyuka ikamwagikia juu ya jiwe, ikaganda. Ilikuwa nyeusi, na ndani yake nyuki wamekwama, mabawa yao mazima kabisa, unaweza kuhesabu mishipa. Babu akachomoa kisu, akabandua kipande cha ukubwa wa kiganja. Tulipopanda jiweni akakiweka juu ya jiwe la kumi na nne. Kipo mpaka sasa, jua limekilegeza legeza na kukikunja, lakini kipo.

"Mimi pia ningempigia kwanza," alisema baadaye, akiwa amerudi kwenye kamba yake. "Ni mjomba wako. Ila ningekuwa nimeshaandika."

Tangu siku ile daftari inaanza kabla ya kichwa. Moshi wowote, wa uji, wa pombe, wa mama yangu mwenyewe, unaandikwa saa na namba, halafu ndipo nafikiria ni wa nani. Mwaka wa kwanza tulijaza daftari nne za kurasa mia na afisa misitu akauliza kama tumechanganyikiwa. Lakini ukizisoma daftari zile unaona kitu ambacho macho hayakuona: moto mwingi unaotusumbua unaanzia kwenye mashamba yale yale sita yaliyogusa mlima, wiki zile zile tatu kabla ya watu kutarajia mvua. Siyo watu wa kupita. Kwa hiyo siku hizi Juni tunachoma mapema kingo za mashamba yale sita, sote kwa pamoja, na njia ya moto inafyekwa yote, siyo nusu.

Babu aliacha kupanda 2023, magoti yakamshinda kabla ya macho. Jiwe nalishika na kijana mwingine, ambaye naye nilimwambia siku ya kwanza asiangalie. Treni nayo imebadilika. Tangu katikati ya 2024 usiku tunaona ile ya umeme, mstari wa taa unaopita bondeni haraka na kupotea, haina moshi hata wa dawa. Nilimpelekea Babu habari. Akasema vizuri, lakini sasa mtajuaje saa?

Mjomba hajanisemesha mpaka leo kwa kinywa chake. Msibani tunashikana mikono, macho yanaangalia pembeni. Lakini Agosti iliyopita, jioni, mtoto wake wa mwisho alipanda mpaka jiweni, ana miaka tisa hivi, viatu mkononi, jasho limemchora usoni.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Baba kasema kesho saa kumi na mbili asubuhi anachoma shamba. Kasafisha kingo. Majirani wapo."

"Mwambie asante. Mwambie nimeandika."

Mtoto akakuna mguu kwa mguu. "Kasema usimjibu."

Nikampa maji, akanywa yote, akashuka. Kesho yake saa kumi na mbili na dakika tatu moshi ulisimama pale pale, mweupe, mguu mmoja. Nikaandika, nikavuta uzi, nikasoma namba, nikampigia yule dada akasoma yake. Kisha nikakaa kuutazama mpaka ulipoisha, saa moja na nusu.